Kalamu na kidonge: maswali yenu kuhusu kisomo cha watu wazima na afya ya Waaborijini

Mfuko wa barua mwezi huu umejaa Australia. Wameandika wanafunzi wa afya ya jamii walioko Dodoma na Eldoret, wauguzi wetu wa Perth, ndugu zetu Wakongo wanaoishi Coffs Harbour, na mzee mmoja wa Morogoro mwenye kumbukumbu kali. Wote wanazunguka jambo lilelile: ukitaka kujua kama mtu mzima aliyejifunza kusoma anapata afya bora, unaanzia wapi, na wapi utakwama? Barua nyingine tumezifupisha.

Mpendwa mhariri, nilidhani Australia ni nchi tajiri na kila mtu huko anasoma. Hicho kisomo cha watu wazima ni cha nani? – Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

Utajiri upo, ila shule haikufika kwa wote. Katika jimbo la New South Wales, kuanzia 1902, mkuu wa shule ya serikali aliweza kumtoa mtoto wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, shuleni pale wazazi weupe walipolalamika. Ruhusa hiyo ilikuja kufutwa 1972. Hesabu mwenyewe: bibi mwenye miaka 65 leo alikuwa na umri wa kuwa darasa la tano au la sita wakati huo, kama alikuwa na darasa.

Sensa ya 2021 ilihesabu watu 812,728 waliojitaja kuwa Waaborijini au watu wa visiwa vya Torres Strait, yaani asilimia 3.2 ya nchi. Kwa miaka 2020 hadi 2022, mwanamume wa jamii hizi alitarajiwa kuishi miaka 71.9 na mwanamke 75.6. Wanaume wanapungukiwa miaka 8.8 wakilinganishwa na wenzao wa nchi hiyohiyo, na wanawake miaka 8.1.

Sasa kisomo chenyewe. Hapa wanafunzi wengi huteleza, kwa sababu wanakimbilia jedwali la kitaifa. Upimaji wa kimataifa wa stadi za watu wazima, PIAAC, ulifanyika Australia 2011 na 2012, lakini uliwaacha nje wakazi wa maeneo ya mbali kabisa na makazi ya Waaborijini yaliyojitenga. Waliohitaji kuhesabiwa ndio walioachwa. Takwimu inayozunguka sana, ya kwamba takriban asilimia 40 ya Waaborijini watu wazima husoma Kiingereza kwa taabu kubwa, ni makadirio yanayotumiwa na shirika la Literacy for Life Foundation. Itumie, ila iite makadirio.

Shirika hilo, linaloongozwa na Waaborijini wenyewe na ambalo mmoja wa waasisi wake ni Jack Beetson wa taifa la Ngemba, lilianzishwa 2013 baada ya majaribio ya 2012 katika mji wa Wilcannia, kando ya mto Darling. Njia wanayotumia imetoka Cuba. Inaitwa *Yo, sí puedo*, yaani "Naam, naweza", na iliandaliwa na Leonela Relys katika taasisi ya ualimu ya IPLAC mjini Havana. Huko Australia inaitwa *Yes, I Can!*. Ina masomo 64 yaliyorekodiwa kwa video, yanayokamilika kwa wiki 13 hivi. Kila herufi hufungwa na namba, kwa kuwa watu wazima wengi wasiojua kusoma wanajua namba kutokana na pesa na simu. Anayesimamia darasa ni mwenyeji wa hapohapo aliyefundishwa kazi. Kabla ya darasa kuna awamu ya kuhamasisha mji mzima, nyumba kwa nyumba, na baada yake kuna awamu ya kutumia kisomo katika shughuli halisi. Baada ya Wilcannia kampeni ilikwenda Bourke, Enngonia, Brewarrina, Walgett na kwingineko. Utafiti wako ukiuhesabu muda wa darasa peke yake, umeuacha mwanzo na mwisho wake.

Wagonjwa wangu kadhaa husoma kidogo tu. Sioni kujua herufi kunamsaidiaje mwenye kisukari kuliko dawa zenyewe. Kisomo kinaingiaje mwilini? – Muuguzi, Perth

Dada muuguzi, mlango wa kwanza unauona kila siku: lebo ya dawa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 395 waliopewa lebo wazisome. Moja ilisema wameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya waliosoma kwa taabu, asilimia 70.7 walieleza maagizo hayo sawasawa kwa mdomo. Walipoombwa waoneshe idadi ya vidonge vya siku nzima, waliotoa vinne walikuwa asilimia 34.7 tu. Kwa hiyo swali la "umeelewa?" halipimi kitu, wala kumtaka arudie maneno yako hakutoshi. Mpe kichupa chenye vidonge vya mfano, mwambie akutengee vya leo vyote, kisha hesabu kimya kimya.

Huo ni mlango mdogo, ingawa ndio unaopendwa na watafiti kwa kuwa unapimika haraka. Don Nutbeam, mwaka 2000, aliugawa ujuzi wa afya katika ngazi tatu: kusoma na kufuata maagizo, kuzungumza na mtoa huduma na kupata unachohitaji kwake, na ngazi ya juu, kuyapima mambo yanayokuumiza na kuyabadilisha pamoja na wenzako. Mtu aliyetoka kujifunza kusoma anaandika jina lake mapokezini bila kumtuma mjukuu. Anauliza dawa hii ya nini. Anapinga barua ya ofisi ya nyumba iliyokataa kutengeneza bomba. Hilo bomba linahusu afya ya ngozi na macho ya watoto wake kuliko kipeperushi chochote ulichowahi kumpa.

Wazo hili lina mizizi Afrika. John Caldwell, mtaalamu wa idadi ya watu kutoka Australia, alichapisha 1979 uchambuzi wa takwimu za Nigeria: watoto wa mama aliyesoma walikufa kwa uchache hata pale kipato na kazi ya baba vilipolingana. Maelezo yake ni kwamba mama huyo hubadili mamlaka ndani ya nyumba na hudai huduma. Lakini tahadhari! Caldwell alizungumzia miaka ya shule ya utotoni. Wiki 13 za kisomo ukubwani ni dozi nyingine kabisa, na anayemnukuu Caldwell kana kwamba amethibitisha kampeni ya kisomo anajidanganya na kuwadanganya wasomaji wake.

Upande wa pili wa mlango ni kliniki yenyewe. Pima pia fomu ya mapokezi: kurasa ngapi, maneno mangapi yasiyoeleweka, nani yupo wa kusaidia. Wakati mwingine tunamwita mtu hajui kusoma kumbe karatasi ndiyo isiyosomeka.

Tupime vipi kisomo bila kumwaibisha mtu? Msimamizi wangu anataka nitumie jaribio la hospitali la maneno 66. – Mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, Eldoret

Jaribio unalolitaja ni REALM, orodha ya maneno ya kitabibu ambayo mtu anayasoma kwa sauti mbele yako. Liliundwa Marekani kwa ajili ya kliniki za Marekani. Linapima matamshi, halipimi uelewa, na mtu mzima aliyefedheheshwa na shule utotoni akisimamishwa kusoma kwa sauti mbele ya mgeni, atakusomea manne kisha atakumbuka kuwa ana safari. Hatakwambia kwa nini. Katika Kiingereza cha Waaborijini neno *shame*, yaani aibu, lina uzito mkubwa kuliko lilionao katika Kiingereza cha kawaida. Humfunga mtu mdomo na miguu. TOFHLA ya 1995, jaribio jingine la Marekani la kusoma maandishi ya hospitali, nayo ni ndefu na ina mazingira ya bima na hospitali za kwao.

Kujitathmini pekee pia hakutoshi, na Kenya inalijua hilo: Utafiti wa Kitaifa wa Kisomo wa 2006 uliwapima watu badala ya kuwauliza tu, ukapata watu wazima wanaojua kusoma kuwa asilimia 61.5, kiwango kilichowashtua waliozoea takwimu za juu zaidi. Njia inayofaa ni kuchanganya. Wakati wa uhamasishaji wa nyumba kwa nyumba, mwenyeji aliyefundishwa anauliza swali moja tu la kujitathmini: ni mara ngapi unahitaji mtu akusaidie kusoma karatasi za daktari au hospitali? Majibu ni matano, kuanzia kamwe hadi kila mara. Anayejiunga na darasa anapimwa na msimamizi wa darasa, kama sehemu ya somo, kwa ngazi za mfumo wa Australia wa stadi za msingi, ACSF, ambao una ngazi tano, na chini yake nyingine inayoitwa kabla ya ngazi ya kwanza. Wengi wataanzia hapo, na kipimo kisichogawanya ngazi hiyo ya chini kitakuonesha kwamba hakuna aliyesogea, ilhali mtu ametoka kutojua kushika kalamu hadi kuandika sentensi.

Dodoso la ujuzi wa afya, HLQ, la Osborne na wenzake, 2013, lina maswali 44 katika maeneo tisa, na ni zuri kwa sababu linauliza kuhusu kuungwa mkono na kuaminiana na watoa huduma. Lisome kwa sauti, usimpe mtu karatasi. Chukua maeneo mawili au matatu yanayohusu swali lako. Yote 44 kwa mpigo ni kumchosha mtu hadi ajibu safu moja kuanzia juu mpaka chini.

Kabla ya kipimo chochote, fanya mambo mawili ambayo bajeti nyingi huyasahau. Kwanza macho: mwenye zaidi ya miaka 40 huenda anajua kusoma ila haoni, kwa hiyo beba miwani ya kusomea ya bei nafuu kuanzia +1.00 hadi +3.00. Pili masikio. Usaha wa masikio utotoni ni janga katika jamii nyingi za Waaborijini. Shirika la Afya Duniani huhesabu maambukizi sugu ya namna hiyo yanayozidi asilimia 4 ya watoto kuwa tatizo kubwa la afya ya umma linalohitaji hatua za haraka. Mtoto asiyesikia vizuri haelewi mwalimu, na akikua haelewi daktari. Utakuta kisomo duni na afya duni vimekwenda sambamba, useme kimoja kimezaa kingine, kumbe vyote viwili vina baba mmoja. Omba kipimo cha usikivu kwa kila mshiriki, au angalau andika historia ya masikio yake.

Kuna na mtego wa "ndiyo". Wanaisimu wa Australia, hasa Diana Eades, wameonesha kwamba katika mahojiano na watu wenye mamlaka, Mwaborijini anaweza kuitikia ndiyo kwa swali lolote ili mazungumzo yaishe salama. Ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu ndiye wewe mwenye dodoso. Usiulize "unameza dawa kila siku?" Sema: "Watu wengine huona ugumu kumeza kila siku. Kwako ikoje?" Kisha nyamaza. Kimya cha sekunde kumi ni sehemu ya jibu, na anayekivunja kwa swali jingine amelipoteza la kwanza.

Nina ufadhili wa kufuata watu 60 kabla na baada ya darasa. Inatosha? – Huyohuyo wa Eldoret, barua ya pili

Inategemea unachokitafuta. Tuseme unalinganisha makundi mawili na unataka kugundua ongezeko la wanaofika kliniki kwa miadi kutoka asilimia 40 hadi 55. Kwa uwezo wa takwimu wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo) na kosa la asilimia 5 (nafasi ya kuiona isipokuwepo), unahitaji watu 173 kila kundi. Lakini watu wa mji mmoja wanafanana: kliniki ileile, maji yaleyale. Ukichukua wastani wa watu 20 kila mji na ufanano wa 0.02, zidisha kwa 1.38 (yaani 1 + 19 × 0.02), unapata 239. Sasa waondoe watakaopotea. Panga asilimia 30, kwa kuwa watu huhama kwa ndugu, huenda jela, hufiwa. Gawanya kwa 0.7, umefika 342 kila kundi, jumla 684. Wilcannia nzima, watoto ndani yake, ni watu mia saba na ushee.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa au, vibaya zaidi, huandika kwamba "hakuna athari iliyoonekana" huku sampuli yao isingeweza kuona hata tembo. Watu 60 wanaofuatwa wenyewe kabla na baada wana nguvu kuliko watu 60 waliogawanywa makundi mawili, kwa hiyo kazi yako ina maana kwa vipimo vinavyosogea sana, kama ngazi ya kusoma au alama za kujiamini. Kwa matukio ya nadra kama kulazwa, haitoshi.

Usimnyime mtu kisomo ili awe kundi linganishi. Hakuna mji utakaokubali, na hautakosea. Kampeni yenyewe inakupa njia: haiwezi kwenda miji yote kwa wakati mmoja, inapanda ngazi moja baada ya nyingine. Mji ambao zamu yake haijafika ndio linganishi lako kwa sasa, na zamu yake ikifika unaingia upande wa pili. Huu ni muundo wa ngazi. Unachohitaji ni kupima miji yote tangu siku ya kwanza, ikiwemo ile itakayoanza baada ya miaka miwili, na ndiyo sehemu inayoshindikana, kwa sababu fedha hutoka kwa mji unaoanza tu.

Vipimo vya mwili vichague kwa muda wake. HbA1c, kipimo cha damu cha kisukari, inaakisi sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ukiipima siku ya mahafali unapima maisha ya katikati ya kozi. Pima mwanzo, kisha miezi sita na kumi na miwili baada ya kozi. Shinikizo la damu: mtu akae dakika tano, pima mara tatu, acha ya kwanza, chukua wastani wa mbili. Kwa idhini ya mtu mwenyewe na ya kliniki ya jamii, chukua kwenye kumbukumbu zao mahudhurio ya miadi, uchunguzi wa afya wa kila mwaka unaojulikana kwa namba yake katika Medicare, bima ya afya ya serikali, yaani 715, na idadi ya mara alizoondoka hospitali kabla ya kuruhusiwa. Hicho cha mwisho kinadharauliwa, na ni kipimo kizuri sana cha kama mtu ameelewa na ameheshimiwa wodini.

Matokeo yaliyopo usiyapunje wala usiyavimbishe. Kuna utafiti wa kampeni hii uliochapishwa 2022 kuhusu uhalifu: kati ya wanakisomo 162, makosa makubwa yaliyoripotiwa yalipungua kwa karibu nusu. Kwa mtu wa afya hilo si la pembeni, kwani jela huvunja matibabu na familia. Lakini ukisoma ulinganisho wowote wa kabla na baada, jiulize: je, watu walijiunga wakati mambo yao yalipokuwa mabaya kupita kawaida, ambapo yangetulia kiasi hata bila darasa? Na waliomaliza wanatofautianaje na walioacha? Ripoti wote walioanza. Anayeripoti waliomaliza peke yao amepima ustahimilivu, hakupima kisomo.

Tunaishi Coffs Harbour, tumetoka Kivu, na wengi wetu tumesomea uuguzi. Tunataka kufanya utafiti huu na majirani zetu Waaborijini. Tuanze na dodoso gani? – Kikundi cha wasomaji

Msianze na dodoso. Ninyi wenyewe mmeishi kambini, mnajua ilivyo mgeni kuja na karatasi, kuuliza, kuondoka, na msimwone tena.

Anzeni na baraza la ardhi la Waaborijini la eneo lenu, yale yaliyoundwa kwa sheria ya New South Wales ya 1983, na huduma ya afya inayomilikiwa na jamii. Huduma za aina hii zilianza Redfern, Sydney, 1971, na ndizo zenye wagonjwa, kumbukumbu na imani ya watu. Waulizeni kama swali lenu ni swali lao. Huenda wakawaambia kisomo ni sawa, ila wanachotaka kujua ni kwa nini vijana hawarudi kuchoma sindano ya penisilini ya kukinga moyo kila siku 28. Hapo utafiti umebadilika, na umekuwa bora.

Kamati ya maadili ni lazima. Kwa New South Wales ni ya AH&MRC, baraza la afya na utafiti wa tiba la Waaborijini, na itawauliza mambo matano: faida halisi kwa jamii, mamlaka ya jamii juu ya utafiti, kuheshimu utamaduni, kurudisha gharama za wanaoshiriki, na kuwaachia Waaborijini ujuzi. Juu yake kuna miongozo ya kitaifa: ya baraza la utafiti wa afya na tiba, NHMRC, ya 2018, na ya taasisi ya masomo ya Waaborijini, AIATSIS, ya 2020. Pelekeni barua ya kuunga mkono kutoka kila jamii mtakayoigusa. Barua moja ya mkoa haitoshi. Tengeni miezi sita kabla ya kumwona mshiriki wa kwanza, na msiseme mmechelewa.

Kinachorudisha maombi mengi ni mambo madogo. Fomu ya ridhaa ya kurasa nane, katika utafiti kuhusu watu wasiosoma! Iandikeni ukurasa mmoja, mrekodi maelezo yake kwa sauti ya mwenyeji, na ridhaa iwe ya mdomo mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mshiriki mwenyewe. Kingine ni umiliki wa takwimu: andikeni mkataba kabla, nani anaziweka, nani anaruhusu zitumike tena, na nini kinafutwa mtu akijitoa. Katika mji mdogo "mwanamke, miaka 58, mwenye dayalisisi" ni jina kamili, hivyo msichapishe kisanduku cha jedwali chenye watu chini ya watano. Mtafiti mwenyeji alipwe mshahara, aingie kwenye orodha ya waandishi. Na matokeo yasomwe mjini kwanza, jarida baadaye.

Mbinu yenyewe iwe mazungumzo. Bessarab na Ng'andu waliandika 2010 namna maongezi ya kienyeji, yanayoitwa *yarning*, yanavyoweza kuwa njia halali ya utafiti: mnaanza na ya nyumbani na ukoo, kisha mnaingia kwenye mada. Kwa Mswahili hilo si geni. Hakuna anayeingia baraza la mtu akauliza shida yake kabla ya habari za watoto. Ila rekodini, na mpangeni saa moja na nusu kwa mtu mmoja, wala si dakika ishirini.

Kwa nini wafundishwe kwa Kiingereza na si kwa lugha yao? – Mwalimu mstaafu, Kigoma

Magharibi ya New South Wales lugha za asili zilikandamizwa kwa vizazi, na watu wengi nyumbani huzungumza Kiingereza cha Kiaborijini. Kaskazini ni jambo jingine. Katika eneo la Arnhem Land, Waaborijini wa jamii ya Wayolngu huzungumza lugha zao, na utafiti wa Alan Cass na wenzake wa 2002 uliowahusu wagonjwa wa figo mjini Darwin uliona kutoelewana kati yao na wahudumu kukiwa ni jambo la kila mara, mara nyingi bila upande wowote kutambua. Huko mkalimani anatangulia kisomo. Matokeo ya Bourke usiyahamishie Arnhem Land kama yalivyo.

Vijana wangu, mbona sisi tulifanya haya zamani? Mwaka 1973 kulikuwa na "Mtu ni Afya". Huko Australia hawakusikia? – Mzee, Morogoro

Shikamoo mzee. Kampeni hiyo ya redio ya wiki 12 iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, nchi ikiwa imo katika vita dhidi ya ujinga vilivyoshusha wasiojua kusoma kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Kikundi kilisikiliza, kikasoma sura ya kijitabu, kikajadili, halafu kikaamua cha kufanya kabla ya wiki ijayo: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Kijitabu kiliwapa waliotoka kujifunza herufi kitu cha kusoma chenye maana, na hiyo ndiyo shabaha ya awamu ya tatu ya kampeni ya akina Beetson.

Tofauti moja mtafiti asiifumbie macho. Sisi tulikuwa na serikali, chama na redio vyote vikisukuma upande mmoja. Australia mkataba wa kitaifa wa 2020 wa kuziba pengo kati ya Waaborijini na wengine una malengo mengi ya elimu na afya, lakini hauna lengo la kisomo cha watu wazima. Kampeni inaendeshwa mji kwa mji kwa ruzuku, na ruzuku ikikatika, wanakisomo wako wamekatika na ufuatiliaji wako pia.

Swali fupi: ni miezi gani ya kukusanya takwimu magharibi ya New South Wales? – Msomaji, Dar es Salaam

Aprili hadi Oktoba. Kuanzia Desemba joto hupita nyuzi 40 na watu hawakai kwenye ukumbi wa bati. Wiki inayoanza Jumapili ya kwanza ya Julai ina sherehe za NAIDOC, za utamaduni wa Waaborijini: nenda ukale, usihoji. Msiba ukitokea, mji mzima husimamisha shughuli kwa siku au wiki. Funga daftari, ondoka barabarani, na jina la marehemu usilitaje wala kuonesha picha yake mpaka familia iseme. Kama alikuwa mshiriki wako, rekodi yake ya sauti isichezwe na mtu hadi uwaulize wenyewe, na swali hilo alipeleke mtafiti mwenyeji, si wewe.